Unajua Mwenyewe

Mzee Likwata tulimzika mwezi uliopita, na wakili kijana aliyesimama kutoa salamu za rambirambi alikuwa hajaanza hata shule mwaka ule tulipofungua kesi. Alivaa suti nyeusi kwenye joto la Tabata, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akatuambia sisi tuliokaa chini ya turubai kwamba chuoni waliisoma hukumu ya Mzee ukurasa kwa ukurasa, na kwamba hadi leo, akisimama kumtetea mtu aliyewekwa ndani bila kuelezwa kosa, karatasi ya kwanza anayoitoa kwenye mkoba ni hiyo. "Mzee huyu," alisema, "ndiye aliyetufundisha kwamba hata mwenye nguvu zote lazima akuambie amekukamata kwa nini." Watu walipiga makofi, jambo ambalo kwa kawaida halifanyiki msibani. Mimi nilikuwa na sahani ya wali na maharage mapajani. Niligeuka kuwatazama wenzangu wachache tuliobaki kutoka kamati ile, sasa wote watu wa miwani na dawa za presha, na kila niliyemtazama ghafla alikuwa na kitu cha kutafuta ndani ya sahani yake. Nilikuwa nangoja mmoja wao alitaje jina la Bwana Awadh. Hakuna aliyelitaja. Nami nilikuwa na mdomo kama wao, na sikulitaja.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi yangu ilikuwa kuchapa. Steshenari ya Bwana Awadh ilikuwa chumba kirefu chembamba, kaunta mbele, mashine ya fotokopi pembeni ikitoa joto kama jiko, na kompyuta moja niliyoifunika kila jioni kwa kitambaa cha kufuma. Nilichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, risala za mahafali. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha pili chenye mkeka, meza fupi na maboksi ya madaftari yaliyopangwa hadi darini, na nyuma ya hapo ndipo familia yake ilipokaa. Walikuwa na duka Tabata tangu barabara ikiwa vumbi. Mtaani walimwita Mwarabu mbele ya uso wake, bila ubaya, naye aliitika. Saa saba mchana binti yake, Nasra, alileta sinia ya wali wa nazi na mchuzi wa samaki, siku nyingine maharage na mchicha. Baba yake alijipakulia akaenda kula kaunta ili asikose mteja, mimi na Nasra tukabaki na sinia nyuma ya pazia. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka miwili. Akishanawa mikono alikaa kwenye kiti changu, akajifunza kuchapa kwa vidole viwili, akinisimulia kwa sauti ya chini habari za kijana mmoja aitwaye Hashimu, fundi wa redio, ambaye alikuwa anakuja kununua kalamu za wino kila siku ingawa hakuwa na cha kuandika.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na banda la Mzee Likwata, mchonga vinyago kutoka kusini, mtu mkavu mwenye vidole vilivyojaa makovu, asiyependa maneno mengi. Ndiyo maana kila mtu alishangaa kwamba ni yeye aliyenyoosha mkono kwenye mkutano wa hadhara, pale kiongozi mmoja wa serikali, ambaye jina lake wala cheo chake sivitaji, alipouliza kama kuna mwenye swali. Mzee alisimama akauliza kile kiwanja kilichotengwa kwa zahanati kimezungushiwa ukuta na nani. Kiongozi yule aliwageukia askari akasema, "Mchukueni huyo." Kulikuwa na sheria iliyompa mtu wa cheo chake uwezo wa kuagiza raia awekwe ndani siku mbili, na sisi tuliokuwa pale hatukuwa tumewahi kuisikia sheria hiyo hadi dakika ile. Siku ya tatu asubuhi walimwachia. Alivuka barabara na kuja moja kwa moja dukani kwetu kabla hata ya kwenda kwake kuoga, shati likiwa na vumbi la sakafu.

"Nimewauliza kosa langu nini," alisema, amesimama kwenye kaunta. "Wakaniambia, unajua mwenyewe. Nikawaambia sijui, niandikieni kwenye karatasi. Wakacheka." Akanitazama. "Binti, niandikie barua. Nataka karatasi. Waandike tu nilifanya nini, hata kama ni uongo, waandike."

Nilimchapia barua nne ndani ya miezi miwili, na hakujibiwa hata moja. Aliyetoa wazo la kesi alikuwa Bwana Awadh. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka karatasi na wino kwenye ofisi ya Wakili Bupe, mwanamke wa Mbeya mwenye ofisi ghorofa ya pili huko Kariakoo, na yeye ndiye aliyempeleka Mzee Likwata kwake kwa pikapu yake mwenyewe. Wakili alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia jambo ambalo Mzee alilirudia kwetu kwa wiki nzima kama mtu aliyepewa dawa: kwamba tusihangaike na barua, tuishitaki sheria yenyewe. Twende Mahakama Kuu, mbele ya majaji watatu, tuwaombe waseme kama sheria ile inapatana na Katiba. Hakutakuwa na malipo kwake, alisema, ila tumsaidie kukusanya watu wengine waliowahi kuwekwa ndani kwa namna ile. Ndivyo ilivyozaliwa kamati. Tulikutana Jumanne na Ijumaa alasiri kwenye chumba cha nyuma cha steshenari, tumekalia maboksi ya madaftari, Nasra akipitisha kahawa na kashata, na mimi nikiandika muhtasari.

Sijui shaka iliingia siku gani. Nadhani iliingia siku ileile ya kwanza, pamoja na kahawa. Mama Doto, muuza vitumbua ambaye mwanawe alikuwa amewahi kulala ndani siku mbili kwa amri kama ile, alisema simu zinasikiliza hata zikizimwa, basi tukawa tunatoa betri na kuzipanga mezani kama karata. Kulikuwa na mtu aliyekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho kilekile mara tatu katika wiki moja. Kulikuwa na mwingine aliyekaa kwenye kibanda cha kahawa ng'ambo, na gazeti ambalo, Mama Doto aliapa, lilikuwa la juzi. Mjumbe mmoja akichelewa, tulijiuliza alikuwa wapi. Akiwahi, tulijiuliza kwa nini ana haraka. Nilijikuta natazama viatu vya wateja, kwa sababu mtu mmoja alikuwa amesema watu wa aina ile hujulikana kwa viatu. Nikikumbuka leo naona kwamba hatukuwa wapumbavu, kwa sababu tuliyemshitaki alikuwa na mikono mirefu na sisi tulikuwa na chumba chenye pazia. Lakini woga huo ukishakaa ndani ya mtu hautulii mpaka upate sura ya kuitazama, na wakati huo kila sura iliyokuwa karibu nasi ilikuwa ya mmoja wetu.

Siku ya kuchapa hati ya kiapo cha Mzee Likwata, wanaume wawili waliingia dukani asubuhi wakaomba kuongea na Bwana Awadh faragha. Mmoja alikuwa na bahasha ya kaki. Walikaa nyuma ya pazia muda wa kama nusu saa, na mimi nikiwa kwenye kompyuta nilisikia vipande tu. Nilimsikia Awadh akisema, "Mie mfanyabiashara tu, jamani." Nilimsikia mmoja wao akisema, "Sahihi yako tu, mzee wangu, na hatukusumbui tena." Walipotoka, Awadh alibaki nyuma kwa muda, kisha akaja kusimama mlangoni akiwa ameshika tasbihi bila kuihesabu. Sikumuuliza kitu. Rasimu ya Wakili ilikuwa ya mwandiko wa mkono, kurasa tisa za Kiingereza ambacho mimi nilikielewa nusu na Mzee mwenyewe hakukielewa kabisa. Nilikuwa nimefika ukurasa wa mwisho umeme ulipokatika. Ulirudi saa tisa kasoro, Awadh tayari yuko ndani ya pikapu anapiga honi kwa sababu Wakili alikuwa anamngoja Mzee kwa kamishna wa viapo kabla ofisi hazijafungwa. Niliuchapa upya ukurasa ule mbiombio, nikachapisha nakala, nikamkabidhi bahasha dirishani mwa gari.

Wiki iliyofuata Bwana Awadh alituambia, bila kututazama machoni, kwamba tutafute mahali pengine pa kukutania. Alisema chumba kimejaa mzigo. Chumba hakikuwa kimejaa kuliko siku zote. Tukahamia uani kwa Mzee Likwata, kwenye viti vya plastiki, katikati ya magogo ya mpingo.

Mahakamani tulienda kamati nzima, tumevaa nguo zetu za Idi na Pasaka. Mawakili wa serikali hawakugusa habari ya zahanati wala ya siku mbili za Mzee. Mmoja alisimama, akasema maneno machache ya Kiingereza akishika ukurasa mmoja kati ya vidole viwili, na majaji wote watatu wakafungua ukurasa huohuo. Wiki tatu baadaye tuliitwa kusikiliza uamuzi. Ulisomwa kwa muda mfupi kuliko tangazo la msiba. Tulitoka kwenye korido bila kujua tumeshinda au tumeshindwa, mpaka Wakili Bupe alipovua joho lake.

"Kesi imeondolewa," alisema. "Hawajasema Mzee hana haki. Wamesema hati ya kiapo ina kasoro. Haionyeshi imeapwa mahali gani, na sheria inataka ionyeshe."

"Mahali gani?" Mama Doto alisema. "Si hapahapa Dar! Kwani Mzee angeenda kuapia Ulaya?"

"Ni mstari mmoja, lakini bila huo mstari hati haisimami, na bila hati hakuna kesi. Tunaweza kufungua upya." Alitoa rasimu yake kwenye faili akatuonyesha. "Kwenye mwandiko wangu mstari upo. Na kosa ni langu pia, nilipaswa kusoma tena kabla ya kuwasilisha."

Sentensi hiyo ya pili hakuna aliyeisikia. Jioni ile, uani kwa Mzee, kila mtu alikuwa na sentensi ya kwanza tu mdomoni. Mstari ulikuwepo, kisha haukuwepo. Mama Doto aliuliza swali ambalo wote tulikuwa tunalingoja: "Karatasi zilipita mikononi mwa nani?" Wakanigeukia mimi. Nakumbuka sufuria ya chai ikichemka pembeni na hakuna aliyekwenda kuiepua. Nilikuwa mdogo kuliko wote, na mikono yangu ndiyo iliyochapa. Sikuwa najua bado kilichotokea. Ninachojua ni kwamba nilitaka macho yale yaondoke usoni kwangu, na nilikuwa na kitu cha kuyaondolea.

"Siku ile walikuja watu wawili," nilisema. "Waliongea na Bwana Awadh nyuma ya pazia. Nilisikia wakimwambia, sahihi yako tu na hatukusumbui tena. Halafu yeye ndiye aliyebeba bahasha."

Mama Doto akasema, "Na ndo maana alitutoa chumbani kwake," na mambo yakaisha hapo, kama vile tulikuwa tumelijua siku zote na mimi nimewakumbusha tu. Mwingine akaongeza habari za rangi yake, kwamba wale huwa hawako upande wa mtu, wako upande wa duka. Mzee Likwata hakumkanya.

Asubuhi yake nilifika kazini kabla ya wakati, nikaingiza disketi kwenye kompyuta na kufungua hati ile. Niliteremka hadi ukurasa wa mwisho. Mstari haukuwepo. Mle ndani, kabla ya printa, kabla ya bahasha, kabla ya pikapu, haukuwepo. Nilipouchapa upya ule ukurasa baada ya umeme kurudi, macho yangu yaliruka kutoka mstari mmoja hadi mwingine uliofanana nao mwanzo, na sikurudi kuangalia. Basi. Hakuna aliyekuwa ameuza kitu. Nilikaa pale hadi niliposikia kiti kinavutwa nyuma yangu na Bwana Awadh akaniambia, "Umewahi leo, mwanangu. Umekunywa chai?" Nikasema nimekunywa. Saa saba Nasra alileta sinia kama kawaida, nikala. Nilikula wali wa nyumba ile siku baada ya siku, nikijua, na nilichokuwa najiambia kila siku ni kwamba kesho nitasema.

Wateja walianza kupungua. Hapakuwa na tangazo, watu walianza tu kuvuka barabara na kwenda kutoa fotokopi kwenye kituo cha daladala. Hashimu hakuja tena kununua kalamu, maana kaka yake alikuwa kwenye kamati, na Nasra alikuwa anakutana naye kwa kificho nyumbani kwa shangazi yake. Siku moja tulikuta mlango wa chuma umeandikwa kwa mkaa: MSALITI. Awadh aliufuta kwa kitambaa na mafuta ya taa, taratibu, kama anayesafisha kioo. Aliniuliza, "Wewe unakaa nao. Wanasema mie nimefanya nini?" Nikamwambia sijui. Ndivyo nilivyomjibu, neno kwa neno, na nimelibeba neno hilo kila nyumba niliyohamia tangu hapo.

Baada ya wiki mbili nilienda bandani kwa Mzee Likwata. Alikuwa anasugua kinyago kwa msasa, mwanamke aliyebeba mtungi, na hakuacha kusugua nilipokuwa nasimulia. Nilimwambia habari za umeme, ukurasa, disketi. Nilimwambia nilikosea mimi. Nilikuwa nalia. Uliponyamaza msasa, ndipo nilipojua amesikia yote.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna, Mzee."

"Wakili?"

"Hakuna."

Alipuliza vumbi kwenye kinyago. "Basi iishie hapa."

"Lakini Mzee, Bwana Awadh—"

"Skola, nisikilize. Watu wamekubali kuanza upya kwa sababu wana hasira. Mama Doto amezunguka nyumba hadi nyumba, amepata watu wengine sita waliowekwa ndani. Mwezi uliopita walikuwa wanaogopa hata kuniamkia. Nikisimama kesho nikawaambia ni kosa la kuchapa, watacheka, wataenda kulala, na yule bwana atafunga mwingine." Alinitazama, na macho yake hayakuwa ya mtu mbaya. "Awadh ana duka. Atapona. Na wewe watakumaliza."

Nilishukuru. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kuliandika. Nilifuta machozi, nikamwambia ahsante Mzee, nikavuka barabara nikarudi kazini.

Ijumaa iliyofuata Bwana Awadh alikuja kwenye kikao. Alikuwa ametoka msikitini, kanzu nyeupe, kofia, viatu mkononi kwa sababu ya matope ya uani. Alisalimia, wakaitika kwa mdomo nusu. Hakukaribishwa kiti. "Nimekuja kuuliza," alisema. "Mie nimekaa na nyie miaka yote. Wakili niliwaletea mie. Mkiwa na neno juu yangu, niambieni hapa, nijibu. Nimefanya nini?" Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, daftari la muhtasari magotini, kalamu imeelekea karatasi. Mzee Likwata alikuwa mbele yangu. Aliinua uso, akakohoa, akasema, "Unajua mwenyewe."

Awadh alingoja kidogo, pengine akidhani kuna maneno mengine yanakuja. Kisha akageuka akaondoka, viatu bado mkononi. Mimi nilitazama karatasi. Sikuwa nimeandika kitu. Mzee alinitazama mara moja tu na kwa haraka, na nina hakika aliyasikia maneno yake mwenyewe na akajua aliyasikia wapi mara ya kwanza. Halafu akasema, "Tuendelee," na tukaendelea.

Duka lilifungwa kabla mwezi wa Ramadhani haujaisha. Walihamia Kipawa, karibu na uwanja wa ndege, kwa ndugu zao. Nasra hakuniaga. Nilisimama ng'ambo, kwenye kibanda cha kahawa, nikaangalia wanavyopakia mashine ya fotokopi, watu wanne wakihangaika nayo, na katika mtaa mzima ule uliokuwa unakwenda kumkopa daftari hakuna aliyekwenda kushika hata upande mmoja. Mimi pia sikwenda.

Kesi ya pili ilisikilizwa hadi mwisho. Hukumu ilisomwa na jaji wa katikati kwa muda unaokaribia saa mbili, tena kwa Kiingereza, na sisi kwenye mabenchi tulikuwa tunamtazama Wakili Bupe shingoni kujaribu kujua. Alikuwa ameinama anaandika. Ghafla aliacha kuandika, akaweka kalamu chini, akafunika macho kwa kiganja. Mama Doto akanishika paja. "Tumekwisha," alininong'oneza. Kumbe tulikuwa tumeshinda. Majaji hawakuifuta sheria yote, lakini walisema kumweka mtu ndani bila kumpa sababu kwa maandishi, na bila kumfikisha mbele ya hakimu, ni kinyume cha Katiba. Na kwamba uhuru wa mtu si kitu ambacho kiongozi anakitoa na kukirudisha mfukoni. Wakili alitutafsiria hilo kwenye ngazi. Tuliimba hadi Tabata. Uani kwa Mzee kulipikwa pilau, nami nilikula, na furaha yangu ilikuwa ya kweli. Sitaki kujisingizia kwamba haikuwa. Watu wameachiwa kwa ajili ya hukumu ile, watu ambao majina yao sitayajua. Alasiri yote ile Mzee Likwata alishikwa mkono na kila mtu. Aliponifikia mimi tulipeana mikono, na yeye ndiye aliyeachia kwanza.

Kwa hiyo baada ya mazishi nilikaa siku tatu nyumbani kwangu Kimara bila kufanya la maana, na siku ya nne nilikwenda Kipawa. Kuipata nyumba hakukuchukua muda, niliuliza kwenye duka la kwanza la vitabu. Aliyenifungulia mlango ni Nasra, mtandio mabegani, nywele zimeanza mvi mbele. Alinitambua, na hakutabasamu. Alinikaribisha kwa sababu hiyo ndiyo adabu ya nyumba ile, akaniweka sebuleni kwa baba yake, akarudi jikoni. Bwana Awadh alikuwa kwenye kiti cha mbao chenye mito, miguu imevimba, masikio bado mazima. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa pole ya Mzee Likwata. Ndege ilipita juu, tukangoja imalize. Kisha nikamwambia. Nilianza na umeme nikamaliza na kiti cha plastiki, sikuruka kitu, hata yale niliyowaeleza wanakamati kuhusu wale watu wawili.

"Wale walitaka nisaini kwamba sitawapa chumba tena," alisema. "La sivyo leseni ya biashara sipati. Nikasaini. Niliogopa. Nilikuwa nataka kuwaambia nikaona haya." Nilingoja anitukane, au aniambie yamepita, moja kati ya hayo mawili. Alisema, "Kwa hiyo haikuwa kwa sababu mie Mwarabu."

"Hapana, mzee."

"Mie miaka yote nimejua ni hilo. Hakuna aliyenipa sababu, nikajipa mwenyewe." Alikuwa anaongea polepole, kama anayesoma maandishi madogo. "Nimewafundisha wanangu. Nimewaambia, kaeni na watu, chekeni nao, lakini siku moja watawageuka kwa ngozi yenu, kwa hiyo mlango wenu uwe na komeo." Akainua sauti kuelekea jikoni. "Nasra! Njoo hapa."

Alikuja akifuta mikono kwenye kanga. Baba yake alinionyesha kwa kidevu. "Mwambie huyu. Mwambie yote, kama ulivyoniambia mie."

Nilisimulia mara ya pili. Ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu yeye hakukaa, na kwa sababu alikuwa ananitazama mikono. Nilipofika kwenye disketi alinikatiza.

"Ulijua lini?"

"Asubuhi yake tu. Siku ya pili baada ya uamuzi."

"Mwaka uleule."

"Mwaka uleule."

Alimgeukia baba yake, lakini mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Ndipo aliponiambia, bila kupandisha sauti, "Wazee wa Hashimu walileta posa mwaka uliofuata. Baba aliikataa."

Jikoni kitu kilikuwa kinachemka na kumwagikia motoni. Tulikisikia sote watatu. Nasra alivuta kiti, akakiweka mbele yangu karibu kabisa, akakaa, akafunga ncha za kanga kiunoni.

"Anza tena," alisema. "Toka mwanzo. Na usikimbie."